Herufi Mbili Kwenye Kona ya Kadi

Jumatatu, 4 Machi

Wenzangu wa darasa la utunzaji wa kumbukumbu wamepangiwa mahakama, wizara na maktaba kuu. Mimi nimeangukia kituo cha afya cha wanafunzi, mwendo wa dakika tatu kutoka kitandani kwangu. Asubuhi nakaa kwenye dirisha la mapokezi, mchana naenda darasani, na mwisho wa muhula mkuu wa mapokezi atanipa alama. Mwalimu anataka shajara ya mafunzo. Nitamwandikia yake, iliyopigwa pasi. Hii ni yangu.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwanafunzi anafika, natafuta kadi yake kwenye droo, naandika tarehe na anachoumwa kwa maneno mawili matatu, kisha kadi inakwenda mezani kwa Sista, muuguzi mkuu. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Sista anampima kila mtu presha, joto na uzito, hata aliyekatwa kidole na kisu. Leo msichana mmoja amemwambia kwamba yeye amefuata plasta tu. Sista akamfunga mashine mkononi. Foleni imefika hadi nje kwenye veranda.

Mkuu wa mapokezi ni mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Wanafunzi wanamwita Fasta, kwa kuwa kila anachoagiza kinaishia hapo: fasta, fasta. Amesifia mwandiko wangu mara tatu kabla ya saa nne. Nimempenda.

Jumanne, 5 Machi

Vikohozi kumi, matumbo saba. Mmoja ameuliza kama tunapiga picha za pasipoti.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenzangu wa chumbani anataka nimsimulie ya kituoni kila mchana. Tunamwita Taratibu. Anakula taratibu, anatembea taratibu, na ukimuuliza swali unaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla hajajibu. Anasoma hisabati, na huko hakuna anayemfikia. Nikianza kumwiga Sista na mashine yake, Taratibu anacheka hadi anashika mbavu.

Amelelewa na mama mdogo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alianza na presha, ikaja figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, halafu siku moja hakurudi. Taratibu aliniambia hayo mwaka wa kwanza, mara moja tu, huku akikunja nguo, na hajayarudia.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Paa la kituo linavuja juu ya droo za kadi, hapo hapo na si kwingine. Kadi iliyolowa nainakili kwenye mpya, ile ya zamani inaingia kwenye boksi chini ya meza kusubiri kuchanwa. Nimenakili kumi na nne. Fasta anasema tangu kituo kifunguliwe hakijawahi kupata mwandiko kama huu. Kichwa kimenivimba kidogo, nakiri.

Jumatatu, 18 Machi

Sista ameondoka likizo ya wiki tatu. Binti yake anajifungua. Amebaki muuguzi mmoja kijana wa sindano, vidonda na vipimo, na majaribio ya katikati ya muhula yameanza. Foleni imezunguka jengo.

Wote wana presha. Nikiuliza mtu anasumbuliwa na nini, jibu ni hilo moja. Presha ya mtihani, presha ya mwalimu, presha ya mchumba aliyenuna. Neno limewaganda midomoni. Wanachotaka ni cheti cha kuahirisha mtihani, na mashine ikiwapima wanakutwa wazima kuliko mimi.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimepata wazo, na nitalisema bila haya: ni zuri.

Nimemwambia Fasta kwamba hawa wa presha hawaumwi. Wakienda moja kwa moja mlango namba nne kwa mnasihi, ambaye kutwa nzima anachezea kalamu, muuguzi atabaki na wagonjwa wa kweli. Mimi nitawaandikia PM kwenye kona ya juu ya kadi, yaani presha ya mitihani, nao wataruka meza ya vipimo. Fasta amenitazama kama nimemletea umeme. Kufikia saa tano foleni ilikuwa imekwisha, na yeye akasimama verandani peke yake akiifurahia.

Alhamisi, 21 Machi

PM kumi na tisa.

Ijumaa, 22 Machi

PM ishirini na tatu. Fasta amempigia mkuu wa kituo simu kumweleza utaratibu mpya, na jina langu limetajwa.

Jumatatu, 25 Machi

Taratibu amekuja dirishani. Nilimwona tangu mbali, kwenye foleni, amejifunika kanga kichwani kwa ajili ya manyunyu. Zamu yake ilipofika akainama na kusema kwa sauti ndogo, "Nina presha."

Nilicheka. Nikamwambia hata wewe, gwiji wa namba? Akatabasamu, akataka kuongeza neno, nami namjua, neno lake lingechukua dakika nzima na nyuma yake kulikuwa na watu kumi na wanane. Nikaandika PM nikamwonyesha mlango namba nne. Akaiangalia kadi, akaniangalia mimi, akaenda.

Mchana ameniambia mnasihi ni mtu mpole sana na amemfundisha kupumua.

Alhamisi, 28 Machi

PM thelathini na moja. Kila asubuhi Taratibu anakaa kwenye ukingo wa kitanda na kufanya alivyofundishwa. Anavuta pumzi kwa hesabu ya nne, anaishika kwa nne, anaitoa kwa nane. Mtu wa hisabati, hakosei hesabu. Nimemtania kwamba hewa ya chumba imekwisha.

Jumanne, 2 Aprili

Taratibu anaamka uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Nimemwambia ni usingizi uliopitiliza. Viatu vyake vya darasani havimwingii, anakwenda na ndala. Mvua hii imeharibu viatu vya kila mtu.

Ijumaa, 5 Aprili

Siku ya balaa. PM thelathini na nane, maji yanadondoka kwenye ndoo mbili, Fasta nyuma yangu anahimiza. Kadi moja ilisukumwa dirishani na sauti ikasema ile presha bado haijaondoka, na kichwa sasa kinauma asubuhi. Nikaandika PM bila kuinua uso. Nilipoirudisha nikaitambua saa ya mkononi yenye mkanda wa kijani. Alikuwa Taratibu. Alishageuka kuelekea mlango namba nne.

Jumatatu, 8 Aprili

Sista amerudi na mjukuu wa kike kwenye simu yake. Alimwonyesha kila mtu picha, hata Fasta. Kisha akafungua droo, akatoa kadi moja, ya pili, ya kumi.

Akaniuliza PM ni nini. Nikamweleza, tena kwa majivuno. Akauliza nani amewapima hawa. Nikasema hawakuhitaji kupimwa. Akaweka kadi mezani.

"Mwanangu, kuna presha ya woga na kuna presha ya mwili. Mdomoni zina jina moja. Mashine ndiyo inayozitenganisha, na mimi na wewe hatuwezi."

Fasta akaingilia, ikawa maneno. Yeye anasema foleni, Sista anasema mashine. Mwisho Sista ameketi na kuorodhesha kila kadi yenye PM, watu mia moja na arobaini na kitu, maana wengi walirudi mara mbili tatu, na amenipa orodha niipeleke mabwenini ili wote waje kupimwa wiki hii.

Nimekasirika hadi machozi yalinilenga. Mtu anaondoka wiki tatu, anakuta kazi imenyooka, na kinachomuuma ni kwamba haikunyooshwa na yeye. Wivu tu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimepeleka orodha bweni la wavulana. Walionicheka ni wengi kuliko waliosikiliza.

Alhamisi, 11 Aprili

Kesho nina jaribio la sheria za nyaraka na sijafungua kitabu. Mabweni mawili yamebaki, likiwemo letu. Orodha iko kwenye mkoba, nitaimaliza Jumatatu. Taratibu naye ana jaribio lake kesho. Nilitaka kumwambia Sista anamhitaji, lakini alikuwa amelala na kitambaa cha maji usoni, nikaona nisimwongezee hofu.

Ijumaa, 12 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Jaribio langu lilikuwa la mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa dirishani. Saa tatu na nusu mvua ilikuwa kubwa. Wakaja wavulana wawili na msimamizi wa mtihani, wamembeba mtu kwenye kiti cha plastiki. Ndala moja imedondoka njiani. Niliitambua ile iliyobaki kabla ya uso.

Msimamizi alieleza kwamba msichana aliinua mkono katikati ya mtihani akasema haoni karatasi. Akadhani anatafuta ruhusa. Akamwambia atulie, apumue. Naye akapumua kama alivyoambiwa, kisha akaanguka.

Sista akamlaza, akamfunga mashine. Akasoma, akafungua, akamfunga mkono wa pili. Namba niliziona mwenyewe: mia mbili ishirini na nne juu, mia moja thelathini na sita chini. Halafu Taratibu akakakamaa na kuanza kutetemeka mwili mzima, na Sista akamgeuza ubavu, akapaza sauti kumwita daktari wa kituo. Ni mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti.

Daktari alimchoma sindano. Kutetemeka kukatulia. Akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale, halikujaa. Akauliza, "Huyu alishawahi kufika hapa?"

Fasta alisema ataitafuta kadi. Mimi nilijua kadi iko droo ya tatu, mstari wa nyuma, na nilijua kilichoandikwa juu yake. Sista akaniuliza kama namfahamu mgonjwa. Nikasema ni mwenzangu wa chumbani. Akanitazama kidogo, akaushika mkono wa Taratibu tena.

Gari limemchukua kwenda hospitali kubwa saa nne na dakika kumi. Jaribio langu sikulifanya. Nilikwenda chumbani nikakaa kwenye kitanda changu nikitazama cha kwake. Nilimwona akivimba siku kumi. Nilimtania kwa kuvimba. Orodha iko kwenye mkoba, na jina lake ni la thelathini na tisa.

Jumamosi, 13 Aprili

Fasta ameniita kazini ingawa ni Jumamosi. Hospitali kubwa inataka kadi. Ameiweka mezani mbele yangu, imelowa upande mmoja, maji ya jana yamepita hadi droo ya tatu.

Akasema utaratibu naufahamu, kadi iliyolowa inanakiliwa. Nikamuuliza kama ninakili yote.

"Nakili yanayosomeka," alisema, huku akifuta viatu vyake kwa karatasi. "Wewe ndiye mwenye mwandiko, binti. Na wewe ndiye mwenye alama za kupata."

Yaliyolowa yalikuwa ya Januari, mwandiko wa Sista uliosambaa. Kwingine kulikuwa pakavu. PM ya tarehe 25 Machi na PM ya tarehe 5 Aprili zilisomeka vizuri kabisa, mwandiko safi, herufi kubwa. Mimi nilinakili malaria ya mwaka wa kwanza, nikaruka, nikaandika kuanguka kwa jana. Kadi mpya ikawa nzuri na fupi. Fasta akaitia kwenye bahasha akaondoka nayo.

Ile ya zamani sikuitia kwenye boksi. Imo ndani ya daftari hili.

Jumapili, 14 Aprili

Nimefua mashuka yake. Hayakauki.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda kumwona. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mrija shingoni. Ana fahamu zake, anazungumza, taratibu kuliko zamani. Mama mdogo wake alikuwa ameketi pembeni na pochi mapajani, amesafiri tangu alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia, akanishukuru kwa kumtunza mwanawe. Sikujua pa kuweka mikono.

Daktari wa figo alikuja na kadi niliyoinakili. Figo zote mbili karibu zimesimama, alisema. Anachotaka kujua ni lini ilianza. Kwa historia ya mama yake, anahofia hili ni jambo la miaka, lilikuwa likila chinichini, na kama ni hivyo figo zimeshakauka, kilichobaki ni kusafishwa damu. Lakini kuna aina inayokuja ghafla na kukimbia kwa wiki chache. Hiyo ina dawa. Dawa zenyewe ni kali, zinaweza kumuua mtu kwa maambukizi, hampi mgonjwa kwa kubahatisha. Sampuli ya figo imeshachukuliwa, lakini majibu ni siku kumi, na kama ni ile inayokimbia siku kumi ni nyingi mno.

Taratibu akasema ilianza katikati ya Machi. Akasema alikwenda kituoni mara mbili.

Daktari akageuza kadi, akaangalia mbele na nyuma. Akasema kwa upole kwamba damu ikiwa chafu kiasi hiki kumbukumbu huchanganyika, asijali. Mama mdogo akamshika Taratibu mkono.

"Kituo kiko mlangoni kwako, mwanangu. Ulikuwa unaogopa nini? Ulimwona mama yako alivyokwenda. Hata sasa unanificha?"

"Nilikwenda, mama," alisema Taratibu.

Akageuza macho kwangu. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa anasubiri niseme, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Nikasema naenda kuchota maji ya kunywa. Nilichukua jagi lililojaa, nikatoka nalo, nikalimwaga kwenye sinki la korido, nikalijaza tena. Niliporudi daktari alikuwa ameondoka na Taratibu amefumba macho. Mama mdogo alikuwa analia bila sauti. Najichukia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumanne, 16 Aprili

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Sista. Nikampa ile kadi ya zamani na kumweleza yote: PM mbili, orodha kwenye mkoba, kadi niliyonakili, jagi. Nilitaka anigombeze, ningepata nafuu. Akavua miwani, akaisogeza kadi kwenye taa na kuangalia sehemu iliyolowa kwa muda mrefu.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Tarehe 29 Januari. Alikuja na kikohozi. Mia moja na kumi kwa sabini, na mkojo safi. Nilimpima."

Alimpima. Alikuja na kikohozi akampima presha na mkojo, na mimi ningecheka kama ningekuwepo. Akaziandika upya zile namba kwenye karatasi, akasaini, akapiga muhuri, akanirudishia kadi, akaniambia niwahi kabla daktari hajapita wodini. Nilimwomba tuende wote. Akasema dirisha lina watu na leo hakuna wa kukaa.

Nilimkuta daktari kwenye korido na mama mdogo akimfuata na maswali. Taratibu alikuwa ameshapelekwa kusafishwa damu. Nikamsimamisha daktari. Nilisema alikuja tarehe 25 Machi, alikuja tarehe 5 Aprili, niliyempokea ni mimi, na kadi aliyonayo niliiandika mimi na nikayaruka hayo. Daktari aliinyakua karatasi ya Sista mkononi mwangu. Akaisoma mara mbili. Akamwambia muuguzi aliyekuwa naye kwamba Januari mgonjwa alikuwa mzima, kwa hiyo ni wiki, si miaka, wasisubiri majibu, dawa zianze mchana huu. Akaondoka karibu anakimbia.

Mama mdogo akanyoosha mkono apewe ile kadi ya zamani. Akaishika mbali na macho, kisha akanirudishia.

"Nisomee."

Nikasoma tarehe ya kwanza na herufi mbili. Akauliza maana yake. Nikasema presha ya mitihani.

"Yeye alisema hivyo? Ya mitihani?"

"Hapana, mama. Alisema presha."

"Nawe ulikuwa unajua habari za dada yangu?"

Nikasema nilikuwa najua.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemalizia hesabu ya mwisho. Akaniambia nisirudi pale mpaka aniite. Hakuniinulia sauti hata kidogo. Nimetembea kwa miguu hadi chuoni, na mvua yote imeniishia mwilini.

Jumatano, 17 Aprili

Fasta hanijui tena. Nimemwamkia, amegeukia ukuta.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeitwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Meza ndefu, watu wanne. Fasta alisema aliagiza ninakili yanayosomeka, na ni kweli, hakuongopa neno. Mimi nilisema yalisomeka. Mnasihi alisema kwamba mara ya pili binti alimlalamikia kichwa na miguu, lakini kadi ilisema PM naye akaiamini kadi. Alisema hivyo akitazama viganja vyake.

Sista aliomba kuongea wa mwisho. Alisema alinipa orodha ya watu mia moja na arobaini akaniacha niitembeze peke yangu, na kosa hilo ni lake, maana angeweza kupita vyumbani mwenyewe. Nilitaka kumzuia. Mtu niliyemwandika humu kuwa ana wivu.

Mafunzo yangu yamefutwa, nitarudia mwakani. Fasta anahamishiwa stoo. PM imefutwa, na foleni imerudi hadi nyuma ya jengo.

Jumatatu, 22 Aprili

Sista huwapigia simu wauguzi wa wodini kila asubuhi, kisha hunipa habari mlangoni kwake. Mkojo wa siku nzima: mililita mia moja na themanini. Anasema ni kidogo mno.

Alhamisi, 25 Aprili

Majibu ya sampuli yamefika. Ni ile inayokimbia. Mililita mia mbili na kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Homa. Ndiyo ile hatari ya dawa. Hakuna simu nyingine leo.

Jumamosi, 27 Aprili

Homa.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekaa kwenye kitanda chake na kupumua kwa hesabu yake, nne, nne, nane. Haisaidii chochote. Alifanya hivi asubuhi kumi na nane mfululizo.

Jumatatu, 29 Aprili

Homa imeshuka. Mililita mia nne.

Alhamisi, 2 Mei

Mia tisa. Sista alitabasamu, nami nikalia pale mlangoni mbele ya foleni nzima. Mvulana mmoja akanipisha, akidhani nimezidiwa.

Jumatatu, 6 Mei

Lita moja na nusu, na leo hawakumsafisha damu.

Ijumaa, 10 Mei

Mama mdogo alinitumia ujumbe wa maneno matatu: tunafuata mizigo leo. Nilikunja nguo zote za Taratibu, nikafunga vitabu kwa kamba, nikakung'uta godoro. Walifika saa nane mchana. Mvua ilikuwa imekatika.

Taratibu amebaki nusu. Uso umekuwa wa duara kwa ajili ya dawa, shingoni ana plasta. Figo zimerudi theluthi moja. Daktari anasema zinaweza kukaa hivyo miaka mingi, zinaweza zisikae. Vidonge kumi na viwili kwa siku, chumvi mwiko, mwaka huu wa masomo umekwenda. Mama mdogo alinisalimia kwa kichwa, akabeba mabegi mawili, akasema atatungoja kwenye gari. Nadhani alituachia nafasi makusudi, na sikuitarajia fadhila hiyo.

Taratibu akakaa kitandani kupumzika. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu. Nilianza kumwomba msamaha, nikauharibu, nikaanza tena. Akainua mkono kuniomba niishie hapo, kwa sababu alikuwa na la kusema na lilikuwa njiani. Safari hii nilingoja. Ndege wa dirishani aliruka, mlango wa jirani ukafunguliwa na kufungwa, nami nikangoja.

"Siku ile ya kwanza nilikuja nikiwa na hofu sana," alisema. "Nilikuwa najua ni ile ya mama. Nilikuja kwako ili nisiiseme kwa mtu mwingine. Ukacheka, ukaandika zile herufi. Nikajiambia, huyu anajua habari zote za mama, na amecheka. Basi si ile."

Akavuta pumzi.

"Nilitoka pale nimefurahi. Nilifurahi wiki nzima."

Hakulisema ili kuniumiza. Alitaka nijue tu, kama alivyokuwa akinisimulia mambo yake zamani. Nikamshika mkono akasimama, tukashuka ngazi moja moja, yeye akihesabu kwa sauti ya chini, mimi nimebeba godoro. Gari lilipoondoka hakugeuka, kwa sababu shingo bado inamuuma.